Ukurasa Shilingi Ngapi?

Swali la kwanza analokutana nalo mtu anayeandika miongozo ya mitambo mjini Kahama huwa ni lile lile: ukurasa shilingi ngapi? Anayeuliza anaweza kuwa mwenye mtambo wa elusheni wa kutolea dhahabu, mkandarasi anayewania kazi kwenye mgodi wa Bulyanhulu, au mfanyabiashara wa Nyahanga aliyeagiza mashine ya kukoboa mpunga kutoka China, akakuta kitabu chake kina Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili. Swali hilo limetoka steshenari. Kule kuchapa, kutoa kopi na kulamineti vyote vina bei ya ukurasa, na kwa mteja asiyeijua kazi hii, mwandishi wa nyaraka za kiufundi ni mtu wa steshenari mwenye Kiingereza kilichonyooka zaidi.

Anayelijibu kama lilivyoulizwa ameshakula hasara kabla hajawasha kompyuta.

Kazi ipo, hilo halina ubishi. Mgodi wa Buzwagi, uliokuwa jirani kabisa na mji, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021, na eneo lake likatengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Bulyanhulu unaendelea chini ya Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati ya Barrick na Serikali. Geita kuna GGM ya AngloGold Ashanti. Kila mgodi mkubwa umezungukwa na wakandarasi wa kuchoronga, kusafirisha, kupika, kufunga majukwaa na kutengeneza mitambo, na chini yao kuna maelfu ya wachimbaji wadogo, karasha zao za kusaga mawe na mitambo yao ya kuchenjua marudio. Tangu Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika Sekta ya Madini zitungwe mwaka 2018, kampuni za wazawa zimepata mlango wa kuingilia migodini, lakini mlangoni zinadaiwa makaratasi: taratibu za kazi salama, tathmini ya hatari, ratiba ya matengenezo, kitabu cha mafunzo ya wafanyakazi wapya. Mtu anayejua kufunga pampu si lazima ajue kueleza kwa maandishi jinsi inavyofungwa.

Wanaoweza kueleza hayo nao wapo. Buzwagi ilipofungwa, mafundi wa matengenezo, watu wa maabara na maofisa usalama walibaki na ujuzi bila mwajiri. Mtu wa aina hiyo akiamua kujiajiri kama mwandishi, mtaji anao: ameshaona pampu ikifunguliwa, anajua zamu inavyokabidhiwa, na hadanganyiki na picha za kwenye katalogi. Kinachomwangusha ni hesabu, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi bei yake ilipangwa na mtu mwingine na kuandikwa kwenye hati ya mshahara.

Hesabu yake ya kwanza huwa hivi. Tuseme alikuwa akipata shilingi 1,500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Anagawa kwa siku 22 za kazi, anapata 68,000 na ushee, anaongeza kidogo ya heshima na kutaja 75,000 kwa siku. Mkandarasi anakubali haraka. Mteja anapokubali haraka namna hiyo, mwandishi arudi kwenye kikokotoo.

Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili, zinabaki 261. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo, na ukiondoa wikiendi zilizomo zinakuwa kama siku 20 za kazi. Aliyejiajiri hapewi likizo na mtu, ila mwili wake ni ule ule na unaidai. Zinabaki 241. Toa sikukuu za kitaifa na za dini zinazoangukia katikati ya wiki, tuseme 13, na siku 8 za malaria, misiba na watoto wanaougua. Zinabaki 220.

Siku hizo 220 hazilipwi zote. Kuna siku ya kufuatilia ankara kwa mhasibu ambaye kila ukimpigia yuko kwenye kikao. Kuna siku ya kuandaa nukuu ya bei ambayo haitajibiwa, siku ya TRA, siku ya umeme kukatika asubuhi na kurudi jioni, siku ya kujifunza programu mpya ya michoro. Mwandishi anayefanikiwa kuuza asilimia 60 ya siku zake za kazi amejitahidi sana, hasa mwaka wa kwanza. Hiyo ni siku 132.

Sasa upande wa gharama. Mshahara aliouzoea ni 18,000,000 kwa mwaka. Mwajiri alikuwa akichangia NSSF asilimia 10 juu ya huo. Sasa atajichangia mwenyewe, 1,800,000. Kompyuta ya 2,400,000 ikitumika miaka mitatu ni 800,000 kwa mwaka. Intaneti, tuseme 60,000 kwa mwezi, ni 720,000. Chumba cha ofisi Nyahanga pamoja na umeme, 100,000 kwa mwezi, ni 1,200,000. Usafiri wa kila mwezi 90,000, ni 1,080,000. Leseni, mhasibu wa kuja mara moja moja na uchapishaji wa rasimu, 400,000. Jumla ni shilingi 24,000,000. Gawa kwa 132: inakuja karibu 182,000. Iitwe 185,000 kwa siku.

Namba za msomaji zitatofautiana na hizi. Mwingine anafanyia kazi sebuleni, mwingine ana pikipiki inayokula mafuta kuliko chumba cha ofisi. Kinachobaki palepale ni umbali kati ya 68,000 na 185,000. Anayetoza 75,000 halafu asijue kwa nini mwezi wa nne hana kodi ya nyumba hana haja ya kutafuta mchawi. Na ikumbukwe kwamba zile milioni 18 ni kabla ya kodi ya mapato, ambayo sasa ataikokotoa na kuilipa mwenyewe kwa awamu nne za mwaka.

Bei hiyo ya siku ni ya kwake, ya daftarini. Si lazima mteja aione, na mara nyingi ni afadhali asiione, maana akisikia 185,000 atailinganisha na deiwaka anayemwaga zege. Mteja apewe bei ya kazi nzima, iliyojengwa kwa siku. Hapa ndipo ile bei ya ukurasa inapovuliwa nguo.

Uchukuliwe mwongozo wa mtambo wa kuchenjua dhahabu kwa sayanaidi. Kitabu cha muuzaji wa kemikali hutosheka kusema kwamba hali ya alikalini ya mchanganyiko itunzwe ipasavyo wakati wote. Maneno hayo ni ya kweli na hayamsaidii mwendeshaji wa zamu ya usiku hata kidogo. Jambo lenyewe ni la uhai: pH ya mchanganyiko ikishuka, sayanaidi hugeuka kuwa gesi inayoua, ndiyo maana mitambo huongeza chokaa na kuishikilia pH kwenye 10.5 hivi au zaidi. Mwendeshaji anataka kujua nani anapima, kwa karatasi au kwa mita, kila baada ya saa ngapi, chokaa ni ndoo ngapi kwa tangi la ukubwa huu, na ikishuka chini ya kiwango nani anafunga vali na wengine wanakimbilia upande gani kulingana na upepo. Majibu hayo hayamo kitabuni. Yako kwa mtu wa maabara, kwa msimamizi wa zamu, na mengine kwa mzee mmoja anayelinda matangi ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwandishi atakaa nao, ataona zamu inavyokabidhiwa saa kumi na mbili, atagundua kwamba mita ya pH haijasawazishwa siku nyingi, atarudi kuuliza tena. Matokeo ya shughuli yote hiyo ni mistari sita iliyobandikwa ukutani karibu na tangi.

Kwa bei ya ukurasa, mistari sita ni robo ya ukurasa. Mwandishi mvivu aliyenakili kurasa tatu za kitabu cha muuzaji angelipwa mara kumi na mbili yake. Mfumo wa bei unaomlipa zaidi anayeandika kirefu na kibovu hauwezi kuwa mfumo wa kazi hii.

Mwongozo kamili wa mtambo kama huo unaweza kwenda hivi: siku moja ya getini, siku mbili za kuuona mtambo ukifanya kazi, siku tatu za mahojiano na kusoma nyaraka zilizopo, tano za kuandika na kuchora, moja ya kuujaribu na waendeshaji wenyewe, mbili za masahihisho. Jumla 14. Kwa 185,000 ni shilingi 2,590,000; ongeza asilimia 15 ya yasiyotarajiwa, inafika karibu 3,000,000. Ukitoka na kurasa 30, kila ukurasa umekuwa laki moja, bei ambayo hakuna mteja angeisikiliza kama ingetajwa hivyo. Na yule aliyekubali elfu kumi kwa ukurasa angeondoka na laki tatu, yaani shilingi 21,000 na kidogo kwa siku. Deiwaka halisi, sasa.

Siku ya getini isidharauliwe. Migodi mikubwa haiingiliki kwa salamu. Kuna mafunzo ya usalama ya mgeni, kuna vifaa vya kujikinga, mahali pengine kuna vipimo vya afya, na kuna kusubiri mtu wa kukupokea ambaye yupo chini ya ardhi na simu yake haipatikani. Kutoka Kahama hadi Kakola, mlangoni mwa Bulyanhulu, ni takriban kilomita 70. Mtu akienda, akasubiri hadi alasiri na kurudi bila kuona kitu, siku imekwisha na inalipwa. Iandikwe kwenye makubaliano waziwazi: siku ya kuja eneo la kazi hutozwa siku nzima, hata kama mtambo umesimama au mwenyeji hakutokea.

Wapo wanaokimbilia namba za nje. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani zilionyesha kwamba Mei 2023 mwandishi wa nyaraka za kiufundi wa kati nchini humo alikuwa akipata dola 80,050 kwa mwaka. Mtu akizigawa anapata dola 38 na senti kwa saa, anazichomeka kwenye nukuu ya kumpelekea mkandarasi wa Kakola, kisha anashangaa kimya. Namba hiyo ni ya waajiriwa wa Marekani, wenye kodi ya nyumba ya Marekani. Itamfaa akipata mteja wa Marekani, na hapo asijishushe hadi bei ya Kahama eti kwa kuwa anaishi Kahama. Kwa mteja wa hapa, hesabu ni ile ya siku 132.

Kuhusu dola kuna jambo jingine, la kisheria. Kampuni nyingi za madini hupanga bajeti kwa dola, na mwandishi hujaribiwa kutaja bei kwa fedha hiyo ili ajikinge na kuyumba kwa shilingi. Tangu Machi 2025, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Nukuu iwe kwa shilingi. Kinga ipo kwa njia nyingine: sentensi moja chini ya bei inayosema nukuu hii inadumu siku 30.

Kodi huleta ugomvi usio wa lazima. Mteja mwenye kampuni akilipa ada ya huduma kwa mkazi wa nchini, hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Kwenye ankara ya 3,000,000 zinaingia benki 2,850,000. Wageni wa biashara hudhani wameibiwa laki na nusu, wengine hupandisha bei kufidia. Haikupotea. Mteja anatakiwa kutoa hati ya kodi ya zuio, na kiasi hicho hupunguzwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka ya mwandishi. Hasara huja pale hati isipodaiwa, au ikidaiwa Desemba kwa kazi ya Februari, wakati mhasibu aliyekata ameshahamia Mwanza. Idaiwe siku ile ile pesa inapoingia. Kuhusu VAT ya asilimia 18, asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Aliyesajiliwa aandike wazi kama bei yake ni pamoja nayo au bado. Asilimia 18 ya milioni tatu ni 540,000, na hakuna mteja anayefurahi kuigundua mwishoni.

Halafu kuna malipo yenyewe. Kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana viroba vya mawe, na mwamba usipotoa kitu wote wametoka mikono mitupu. Kila mmoja aliingia akijua hivyo, na siku ya neema kila mmoja ana fungu lake. Mkandarasi anapomwambia mwandishi "tukishinda zabuni nitakutoa", anamwingiza kwenye hatari ya duara bila fungu. Zabuni ikishinda, mwandishi atalipwa ada ile ile. Ikishindwa, hatalipwa chochote. Jibu la heshima lipo: "Sawa bosi, ila nusu kabla sijaanza." Asilimia 40 hadi 50 ya malipo ya awali si dharau kwa mtu yeyote, na mteja anayekasirishwa nayo amesaidia kujieleza mapema. Inayobaki igawanywe, sehemu rasimu ya kwanza inapokabidhiwa, sehemu ya mwisho mwongozo unapokamilika. Kamwe isiandikwe kwamba italipwa "mteja atakaporidhika", kwa sababu kuna watu hawaridhiki hadi bajeti ya mwaka iishe. Iandikwe idadi ya siku: rasimu ikikabidhiwa na maoni yasipokuja ndani ya siku 10, imehesabika kukubaliwa na awamu yake inalipwa. Na masahihisho yawe duru mbili. Ya tatu ina bei yake.

Nyaraka nyingi za ukanda huu zinatakiwa kwa lugha mbili, Kiingereza cha mkaguzi na Kiswahili cha mfanyakazi. Mteja huomba ya pili kwa sauti ya kuazima chumvi: "Na Kiswahili chake utaweka tu." Hapana. Karatasi ya usalama wa kemikali ina sehemu 16 kwa mpangilio wa kimataifa, na kuiweka kwa Kiswahili ambacho mtu wa Segese au Lunguya atakisoma na kukitekeleza ni siku kadhaa za kazi makini, pamoja na kuwasomea waendeshaji kwa sauti na kuona wanasita wapi. Wengine watasita hadi waelezwe kwa Kisukuma. Mteja akisema tafsiri ameshaipata bure kwenye simu, mwandishi anaweza kukubali kuipitia, lakini atoze kwa siku. Kusahihisha maandishi ya mashine kuhusu sayanaidi ni kusoma kila mstari kwa shaka, na mara nyingine huchukua muda kuliko kuandika upya.

Jambo ambalo wengi hawalipangii bei ni matumizi ya baadaye. Mkandarasi analipia mwongozo wa karasha moja Kahama. Baada ya mwaka anautumia kwenye karasha nne Geita akibadili nembo tu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini ugomvi wa hakimiliki ni ghali kuliko mwongozo wenyewe. Njia nyepesi ni kuandika kwenye mkataba: bei hii ni ya eneo moja, kila eneo la ziada ni asilimia kadhaa ya bei ya kwanza, na mwandishi atakuja kuurekebisha ulingane na mashine za huko. Sentensi hiyo ya mwisho ina maana kubwa kiusalama pia, kwa kuwa utaratibu wa kuzima karasha moja unaweza kumkata mtu mkono kwenye karasha nyingine.

Mchimbaji mdogo mwenye leseni yake moja hana milioni tatu za makaratasi, na si haki kumfukuza kwa bei ya mkandarasi. Si lazima bei ya siku ishushwe. Kinachoshushwa ni ukubwa wa kazi. Bango moja la ukutani, la hatua za kuchanganya kemikali, ni siku mbili: 370,000. Au gharama zichangwe. Vyama vya wachimbaji vya mkoa, SHIREMA upande wa Shinyanga na GEREMA upande wa Geita, vina wanachama wenye matatizo yanayofanana. Mwongozo mmoja wa kuingia na kutoka duarani, ukilipiwa na watu 15, ni shilingi 200,000 kwa kila mmoja na mwandishi amepata milioni tatu zake. Ila mipaka ilindwe. Tathmini ya athari kwa mazingira hufanywa na wataalamu waliosajiliwa NEMC, na mwandishi anayeombwa "aiandike tu, muhuri utapatikana" aikatae hata kwa bei mara mbili. Kuandika kwa niaba ya mtaalamu aliyesajiliwa, ambaye anaisoma na kuitia saini, ni halali na kuna kazi nzuri humo.

Anayetaka kazi za halmashauri, shule za ufundi na mamlaka za maji ajue kwamba tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kujisajili kunahitaji subira na nyaraka za biashara zilizokamilika. Malipo ya serikali yanaweza kuchelewa. Bei yake iwe na nafasi ya kusubiri, na mwandishi asiingie huko kabla hajawa na akiba ya miezi mitatu ya matumizi.

Mteja akisema bei ni kubwa, aulizwe nini kitolewe. Michoro? Siku ya kujaribu na waendeshaji? Toleo la Kiingereza? Kila kinachotoka kinashusha bei kwa siku zake zinazojulikana, na mazungumzo yanakuwa ya kazi, si ya huruma. Punguzo lisiloendana na kitu kilichotolewa kwenye kazi linamfundisha mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kuzugia, na safari ijayo ataanzia nusu. Bei ya kishkaji ikibidi itolewe, kwa ndugu au kwa fundi aliyewahi kukutafutia kazi, ankara iandikwe bei kamili kwanza, kisha punguzo kwenye mstari wake.

Na bei yenyewe ipitiwe kila mwaka. Wakati mwafaka ni Juni, bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma, kwa kuwa mabadiliko ya Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai na yanaweza kugusa kodi, mafuta na vifurushi vya intaneti kwa mpigo. Mwandishi achukue daftari, ahesabu siku alizouza kweli mwaka uliopita, aziweke badala ya zile 132 za kukadiria, agawe upya, kisha awaandikie wateja wake wa kudumu kabla mwezi haujaisha kwamba kazi zitakazoagizwa kuanzia Agosti zitakuwa na bei mpya.